Mtoto ana B plein ya hesabu na anataka kusoma hesabu

Shemeji alinipigia Jumapili usiku kutoka Nakuru, nikajua tu ni mambo ya kozi juu kwa hiyo nyumba hakuna kingine kinaongelewa tangu matokeo ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yatoke. Mpwa wangu amepata B+ kwa jumla, hesabu B plein, na kwa KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, ameweka digrii ya hesabu chaguo la kwanza. Si uhasibu, si ualimu, hesabu yenyewe. Shem akaniuliza, na sikusikia ubaya kwa sauti yake, ni mzazi ameingiwa na wasiwasi: "Wewe ulisoma hiyo kitu. Mtoto wa B anaenda kufanya nini huko na watoto wa A?"

Nilimjibu haraka, nikamwambia amwache mtoto achague. Hilo si jibu. Nimetembea nalo hilo swali wiki nzima hapa Kisumu, darasani, kwa matatu ya Kondele, na naona ni swali wazazi wengi wanalo saa hii, kwa hiyo acha niandike nilichopaswa kumwambia.

Angalia kwanza huo mtihani unapima nini. Hesabu ya KCSE ni pepa mbili, kila moja masaa mawili na nusu, alama 100. Sekisheni ya kwanza maswali 16 ya lazima ya alama 50, ya pili unapewa manane unafanya matano, kumi kumi. Ukigawanya hizo dakika 150 kwa alama 100 unapata dakika moja na nusu kwa kila alama, na hapo ndani usome swali, uchore, upige kikokotoo, ufungue jedwali, uandike njia. Mtoto wa A ni yule akiona swali analitambua kabla hajamaliza kulisoma, ameshafanya ndugu zake ishirini kwa past pepa. Hiyo kazi naiheshimu, ndio nafundisha watoto kila siku saa kumi na moja alfajiri. Lakini kile kimepimwa hapo ni kutambua na kwenda mbio bila kukosea.

Chuo kinataka kitu kingine. Mimi niliingia na A minas, chuo cha huku huku magharibi, na mwaka wa kwanza ukapita vizuri kwa sababu kalkulasi ya mwanzo bado inafanana na ile ya fomu foo. Mwaka wa pili tukaanza rial analisisi, ile hesabu ya kuthibitisha kwa nini kalkulasi inafanya kazi. Swali la kwanza la CAT yetu, ule mtihani mdogo wa darasani, lilikuwa: thibitisha kwamba 1/n inaelekea sifuri n ikizidi kukua. Nikaandika kwamba n ikikua 1/n inakuwa ndogo, nikaweka 1/10, 1/100, 1/1000. Nikapewa sifuri, na ilikuwa haki yangu. Kilichotakwa ni mistari mitatu: nipe namba yoyote juu ya sifuri, hata iwe ndogo namna gani, nami nikuonyeshe kuanzia wapi 1/n zote zinakaa chini yake daima. Mimi nilikuwa nimeonyesha mifano, na mifano hata ikiwa milioni si uthibitisho. Miaka minne ya sekondari hakuna mtu alikuwa ameniuliza "una uhakika gani?", waliniuliza tu jibu ni ngapi.

Kwa hilo darasa kulikuwa na jamaa wa kutoka Vihiga mwenye B minas. Huyo alikuwa anabeba swali moja kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu, anakula nalo, anatembea nalo, na Jumatatu anakuja na karatasi imejaa mistari iliyokatwa na chini kabisa kuna aya moja safi. Kwa KCSE angepewa dakika kumi na tano za hilo swali na angepata mbili. Chuoni alikuwa wa mbele yetu wote mpaka tukamaliza, na wengine wa A plein nilioanza nao waliomba kuhamia kozi nyingine, sio kwamba hawana akili, hawakupenda hiyo kazi ya kukaa gizani siku tatu.

Sasa sitaki mtu asome hapa aseme gredi haina maana, ina maana na hilo lazima niseme wazi. Kozi nyingi za hesabu zinataka angalau C+ ya hesabu, na klasta pointi zako kati ya 48, zile alama zinazopigwa kutoka kwa masomo ya kozi unayotaka, ndizo zinaamua kama unaingia au huingii, hapo hakuna maneno. Na kuna gredi ya chini inayotokana na aljebra mbovu, mtoto anayefungua mabano na kusahau ishara ya kutoa, anayekata juu na chini kwa sehemu mahali hapakatiki. Huyo chuo kitamuumiza, kwa sababu kule hakuna mtu atarudi kumfundisha hayo. Nimeona watu wakilia kwa hilo. Na wale wanaowaambia watoto habari ya Maryam Mirzakhani, yule mwanahesabu wa Iran, kwamba kuna mwaka wa shule hesabu ilimwendea vibaya na 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo kubwa kabisa ya hesabu, ni kweli, na ni habari nzuri, lakini katikati hapo huyo binti alishinda dhahabu mbili za olimpiadi ya kimataifa ya hesabu, 1994 na 1995. Huwezi kumkatia mtoto tiketi kwa hadithi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo Shem, herufi pekee yake haisemi B imetoka wapi. KNEC, wenye mtihani, hairudishi karatasi, lakini dada yangu hutunza kila kitu na karatasi za moku, ule mtihani wa majaribio kabla ya KCSE, ziko kwa kabati. Nikamwambia anitumie picha. Sekisheni ya kwanza mtoto amefanya karibu yote, njia imenyooka, aljebra haina shida kabisa. Sekisheni ya pili amegusa maswali matatu peke yake, na moja wapo, la uwezekano, amelifanya kwa njia mbili tofauti halafu akaandika pembeni kwa penseli "kwa nini zinalingana?" Muda umemwishia hapo. Mwalimu anayesahihisha hawezi kumpa alama ya hiyo penseli, na mimi pia singempa. Lakini kwangu hiyo penseli inasema mengi kuliko ile B.

Ya kazi ni swali lingine na Shem ana haki ya kuliuliza. Kama mtoto anataka kufundisha sekondari, aende digrii ya ualimu mapema maana TSC, tume inayoajiri walimu, inataka masomo mawili ya kufundishia. Kama anataka bima na benki, kuna takwimu na akchuaria, ile hesabu ya hatari za bima, na chuo cha Maseno kiko hapa karibu. Hayo tuyaongee tukikaa, lakini tusiyachanganye na kama anaweza.

Jumatano nikamtumia mtoto mwenyewe uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 3 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Ukurasa nusu. Nikamwambia asome taratibu, asinitumie jibu lolote, akichoka aache, na wiki ijayo aniambie tu kama alitaka kuendelea au alitaka tu iishe.

Kimya Alhamisi. Kimya Ijumaa. Jana saa tano usiku simu ikalia, picha ya karatasi imeandikwa pande zote mbili, na chini yake ujumbe: "Anko, nilijaribu huo uthibitisho na 4 badala ya 3, ukakubali, na haiwezekani juu kipeuo cha 4 ni 2. Nimetafuta siku mbili unakosea wapi. Ni pale tunasema ikigawanya mraba lazima igawanye namba yenyewe. 4 inagawanya 36 na haigawanyi 6. Kwani 3 iko na nini ambayo 4 haina?"

Nimemtumia Shem hiyo picha bila kuandika neno.