Siku moja na lambo la Mkwaja

Saa 11 alfajiri. Masika hii usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Mvua imenyesha usiku kucha, kwa hiyo kabla hata ya chai nachukua tochi nikakague kijiti nilichokichomeka ukingoni jana. Maji yamepanda vidole vinne. Utoro, ule mfereji wa kutolea maji yakizidi, bado mkavu, alhamdulillahi.

Lambo hili lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, enzi za ranchi ya Mkwaja. Mbung'o waliwatesa ng'ombe hao miaka na miaka. Ranchi ikafungwa mwaka 2000, eneo likaingia Hifadhi ya Saadani. Ng'ombe wakaondoka, maji yakabaki. Wenyewe siku hizi ni kuro, ngiri, nyati na yangeyange. Tuta linalozuia maji ni udongo mtupu, zege halina hata ndoo moja, na limeshazeeka.

Saa 12 na nusu. Napita chini ya tuta, upande mkavu. Pana mahali panavuja tangu kabla sijaanza kazi hapa. Kuvuja kwenyewe hakunitishi, natazama rangi. Nakinga maji kwenye chupa, naiweka dirishani karibu na ya jana na ya juzi, nalinganisha tope lililotuama. Yakiwa meupe, tuta linatoka jasho tu. Yakija na udongo, linaliwa kwa ndani, na siku hiyo chai haipiti kooni. Leo ni chembe mbili tatu, sawa na jana.

Saa 3. Kazi ya aibu. Miaka minne iliyopita mgunga uliota juu ya tuta nikauacha, kisa kivuli cha Februari. Tuliukata kiangazi, leo tunafuata mizizi. Ukiiacha inaoza, inabaki mirija ndani ya tuta, na maji hayaombi mlango mkubwa. Kijana wangu wa kazi anachungulia shimo.

"Mzee, si ulisema hapa ruksa nyasi tu?"

"Chimba, mwanangu."

Mzizi mmoja ni mnene kama kifundo cha mkono, na mchwa wameshauwahi. Udongo wa kufukia tuliufunika turubai tangu wiki iliyopita, maana uliolowa chepechepe haushindiliki. Naufinyanga donge: ukishikana bila kuchuruza maji, unafaa. Tunamwaga nusu shibiri, tunashindilia kwa gogo, tunamwaga tena. Shimo la kukaa mtu mmoja limetula mpaka saa 7.

Bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki. Mgongo hauna hamu ya mazungumzo.

Saa 9. Kufyeka matete kwenye utoro. Ukiziba, maji yatapanda juu ya tuta, na tuta la udongo likishapandwa na maji halimalizi usiku.

Saa 11 na nusu jioni. Kuro jike na mwanawe wanapita juu ya tuta kama barabara yao. Kwato zimeshachimba kijifereji pale. Nitakifukia kesho, nao watakichimba tena. Siwafukuzi.

Saa 2 usiku. Manyunyu yameanza. Nimechomeka kijiti kipya.