Pesa ya pampu: nilivyoendesha jumuiya ya maji bila kutembeza bakuli

Nilikabidhiwa umeneja wa jumuiya yetu ya watumia maji, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, mwaka 2021. Mali yote ilikuwa kisima kirefu kimoja, jenereta, tanki la juu, vituo tisa vya kuchotea na mbauti moja ya kunyweshea mifugo. Benki kulikuwa na pesa ya dizeli ya wiki moja, basi. Si kwamba watu walikuwa hawalipi. Ndoo ya lita 20 iliuzwa shilingi 50, foleni haikauki, na kila jioni pesa inaingia. Ila pampu ikiungua, kamati inapita nyumba kwa nyumba kuomba mchango, inaandika barua kwa huyu na yule, inasubiri. Kijiji kinarudi korongoni kuchimba mchanga kutafuta maji.

Sera ya Maji ya 2002 ilishasema kwamba sisi wa vijijini tutabeba gharama za kuendesha na kutengeneza miradi yetu. Sheria Namba 5 ya 2019 ikaleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kutupa sisi, vyombo vya jamii, kazi ya kuendesha. RUWASA wa wilaya wanatusaidia, sitawakosea adabu, lakini wana vijiji vingi na kila kijiji kina pampu yake. Mwenye kutegemea zamu yake ifike mwezi wa kumi, jua la Dodoma likiwa kichwani, atakunywa subira.

Jambo la kwanza nililotaka kulijua ni hili: uniti moja ya maji inatugharimu kiasi gani hadi imfikie mtu? Hakuna aliyekuwa na jibu. Mhasibu alijua mapato, fundi alijua dizeli, na madaftari yao hayajawahi kukutana. Tukayakutanisha. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50, kwa hiyo ikiuzwa yote tunapata shilingi 2,500. Jenereta letu lilikuwa linatoa uniti kama tatu kwa lita moja ya dizeli. Mwaka 2022 dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, maana yake kila uniti iliyopanda tankini ilikuwa imeshakula shilingi 1,000 kabla hatujamlipa mtu yeyote.

Hesabu hiyo ingevumilika. Kilichotutoa jasho ni mita ya chini ya tanki. Tulipoilinganisha na jumla ya mita za vituo, katika kila uniti kumi zilizotoka, tatu hazikuuzwa popote. Kwa hiyo dizeli ya uniti moja iliyouzwa haikuwa shilingi 1,000, ilikuwa zaidi ya 1,400. Ukiondoa na ujira wa wauza maji, kilichobaki hakimtoshi fundi na mlinzi, sembuse pampu.

Kwenye kamati wengi walitaka tupandishe ndoo iwe shilingi 70. Nilikataa, na hadi leo naona ndiyo hoja niliyopaswa kuishikilia kuliko zote. Kwetu maji ya bomba yana mshindani. Mama akiona ndoo imepanda, anambeba mwanawe mgongoni anakwenda korongoni, na hata kama maji ya kule yana tope, ni ya bure. Unapandisha bei, unauza ndoo chache, jenereta linaunguruma saa zile zile. Halafu utamwambiaje mtu alipie maji yanayomwagika ardhini?

Usiku tukafanya jaribio ambalo halina gharama. Saa nne, vituo vyote vimefungwa, mimi na fundi tulisimama penye mita na tochi. Koki zote zimefungwa lakini mshale unazunguka. Tukaanza kufunga valvu za matawi moja moja. Tukifunga la kwenda kitongoji cha mashariki, mshale unakaribia kusimama. Siku mbili tatu za kufuata bomba zilitupa majibu mawili. La kwanza, pale bomba linapokatiza korongo, mafuriko ya masika yalikuwa yameliacha wazi na kiungo kimelegea. Maji yanazama mchangani, juu pakavu, hakuna anayeona. La pili, kijana mmoja mfyatua matofali alikuwa ameunganisha mpira wake kwenye bomba, kistadi kabisa. Wajumbe walitaka apelekwe polisi. Mimi nikaona kijana huyu anatumia maji mengi kuliko vituo viwili, na hana pa kwenda. Alilipa faini iliyopangwa na mkutano, tukamfungia mita, akawa mteja wetu mkubwa wa kiangazi. Upotevu ukashuka hadi kama uniti moja katika kumi. Hapo dizeli ya uniti iliyouzwa ikashuka karibu na shilingi 1,100, na bei ya ndoo haijaguswa.

Wauza maji wa vituoni walikuwa wanalipwa mshahara sawa mwezi hadi mwezi. Tukabadili: kila mmoja anapata asilimia 20 ya anachouza kwa kusoma mita, si kwa kuhesabu ndoo. Aliyezoea kufungua saa mbili asubuhi akaanza kufungua saa kumi na mbili. Wawili waliacha kazi, na sikuwabembeleza. Pesa zikawa zinatumwa kwa simu kila jioni moja kwa moja kwenye akaunti ya jumuiya, hazilali tena chini ya godoro la mtu. Mita za malipo ya kabla, zile za mtindo wa LUKU, tuliletewa mchuuzi akazisifu sana. Niliuliza zikiharibika vipuri vinatoka wapi na kwa siku ngapi. Jibu lake lilitosha kuahirisha.

Mifugo ndiyo iliyonipa kazi. Ng'ombe mmoja wakati wa jua kali anakunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, yaani ndoo moja na nusu hadi mbili na nusu. Mwenye ng'ombe sitini anakunywesha kama kitongoji kizima, na kwetu alikuwa analipa ada ya mwezi ileile ya mwenye ng'ombe kumi. Nilipopendekeza mita kwenye mbauti, mkutano ulichafuka. Mzee mmoja alisimama, akaniita mbele za watu:

"Mwanangu, ng'ombe hajui mita. Akija na kiu, anakunywa."

"Ni kweli, mzee wangu. Na dizeli nayo haimjui ng'ombe."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakukaa. Akasema tatizo si bei. Mfugaji hana pesa ya kila wiki. Ana pesa siku ya mnada. "Niache mpaka niuze mmoja, nikulipe miezi mitatu ya mbele." Wazo hilo ni lake, mimi nililiandika tu. Tangu hapo mhasibu wetu siku ya mnada anakaa mnadani na kitabu cha risiti, na malipo ya mbele ya wafugaji yanaingia wakati ambao zamani tulikuwa tunakopa dizeli. Walio na ng'ombe wengi bado wananung'unika. Wananung'unika huku wamelipa.

Kuvuta maji majumbani nilikufungamanisha na zabibu. Mkulima wa zabibu Dodoma anavuna mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili ana fedha mkononi kwa wiki chache. Fomu zetu za maombi zinapita wakati huo, siyo Januari wakati watu wananunua mahindi ya kula. Anayelipa nusu anaunganishiwa maji, nusu nyingine analipa mavuno yanayofuata.

Kulikuwa na taasisi moja ya umma kijijini, sitaitaja, iliyokuwa inachota bila kulipa kwa hoja kwamba fungu halijaja. Kukata maji kungeleta ugomvi ambao tusingeushinda. Nilimwendea mkuu wake mwezi wa kumi na moja, wakati wanaandaa bajeti, na ankara za mwaka mzima mkononi, nikamwomba aandike maji kama mstari wake peke yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na ukishaanza huna tena mlango wa kuingilia. Julai iliyofuata wakaanza kulipa kwa robo mwaka. Deni la nyuma wamelipunguza, hawajalimaliza.

Sasa pesa ya pampu yenyewe. Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mvua ikinyesha, watu wanakinga maji ya mabati na ng'ombe wanakunywa malamboni. Kiangazi tunauza uniti kama 40 kwa siku. Masika zinaweza kushuka hadi 10. Mlinzi na fundi wanakula miezi yote. Kwa hiyo pesa inayojaa Septemba siyo faida, ni mshahara wa Februari na mota ya mwaka ujao iliyotangulia kufika. Nilishawishi kamati tufungue akaunti ya pili, yenye watia saini watatu, na katiba ndogo ya sentensi moja: haitoki bila muhtasari wa mkutano mkuu, na inatoka kwa ajili ya pampu, mota au bomba kuu tu. Kila Jumatatu, kabla hata ya kununua dizeli, shilingi 300 za kila uniti iliyouzwa zinahamia huko. Kwa uniti 40 ni shilingi 12,000 kwa siku. Kiangazi kimoja kinakaribia milioni mbili na nusu.

Kuiweka ilikuwa rahisi kuliko kuilinda. Pesa ikishajulikana ipo, kila shughuli ya kijiji inaikumbuka. Waliitaka kwa ukarabati wa ofisi, waliitaka kwa ugeni. Sikugombana na mtu. Nilimwonyesha kila aliyekuja ile sentensi na kumwambia aitishe mkutano, awaeleze kina mama wa vituo tisa anataka kutumia pampu yao kwa nini. Hakuna aliyeuitisha.

Mota iliungua Oktoba, mwezi mbaya kuliko yote. Mwenyekiti, mhasibu na fundi walikwenda Dodoma mjini na muhtasari wa mkutano wa dharura, wakanunua nyingine, wakairudisha siku iliyofuata. Wiki haikuisha, maji yalikuwa yanatoka. Nilitegemea pongezi. Badala yake watu walilalamika kwamba tulichelewa siku nne, na nilifurahi kuliko ningepongezwa, kwa sababu zamani wangeshukuru kupata maji baada ya miezi miwili.

Nguzo za umeme zilipotufikia, nilirudi kwenye hesabu ileile ya uniti. Umeme wa matumizi ya kawaida ulikuwa shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwamo. Pampu yetu inatumia kama robo tatu ya uniti ya umeme kupandisha uniti moja ya maji, haifiki. Kutoka shilingi 1,000 za dizeli hadi 260 au pungufu. Sola tuliipigia hesabu pia. Gharama ya kuanzia ilitushinda, na wizi wa paneli ulinitia hofu. Jenereta tumelibakiza kwa siku za kukatika umeme, na dizeli yake nanunua baada ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wakishatangaza bei, kama imeshuka.

Ugomvi wa sasa ni wa neema. Wanajumuiya wanasema dizeli imekwisha, basi ndoo ishuke hadi shilingi 30. Mimi nilitaka ibaki 50 mpaka tununue mota ya akiba na kuchimba kisima cha pili, kwa sababu kisima kimoja kikikauka hakuna akaunti itakayotoa maji. Mkutano ulikata katikati: ndoo 40, mota kwanza, kisima kijadiliwe baada ya mavuno ya alizeti. Yule mzee wa ng'ombe ameshasema atapinga kisima kisipokuwa upande wa malisho.