Simpleksi yangu ilikwama kwenye kigeu kinachotoka, si kinachoingia

Simpleksi ni njia ya kutafuta jibu bora la modeli yenye masharti: kila hatua kigeu kimoja (kiasi kinachotafutwa) kinaingia kwenye msingi, yaani kundi la vigeu vinavyobeba jibu la sasa, na kingine kinatoka. Kila niliyemuuliza kwa nini programu yangu ya simpleksi inakwama alinijibu hivyo hivyo: tumia kanuni ya Bland ya kuchagua vigeu hivyo. Ni kweli kanuni hiyo ya 1977 inazuia hesabu isizunguke milele ikirudia misingi ile ile. Nikaiweka. Hesabu haikuzunguka, ila ilikwenda kwa mwendo wa kobe, kwa sababu Bland hatazami faida ya kigeu. Anachukua chenye namba ndogo kuliko vyote vinavyofaa. Na jibu lilipotoka, lilivunja masharti ya modeli! Hapo nikajua ushauri ule haukugusa ugonjwa wenyewe.

Kilichonifungua macho ni kuchapisha ukubwa wa pivoti, yaani namba ya jedwali la hesabu inayogawanya mstari wa kigeu kinachotoka, kwenye kila hatua. Zilikuwamo pivoti za 0.000001. Ukigawanya mstari mzima wa jedwali kwa namba kama hiyo, kila kosa dogo la kukadiria desimali linakua mara milioni.

Tazama mistari miwili inayogombea kutoa kigeu chake. Wa kwanza una 4 upande wa kulia na pivoti 2: uwiano ni 2. Wa pili una 0.0000019999 na pivoti 0.000001: uwiano ni 1.9999. Kanuni ya vitabuni inasema chukua uwiano mdogo, basi programu inakimbilia pivoti mbovu kwa tofauti isiyo na maana yoyote. Paula Harris alishaonyesha dawa yake mwaka 1973: ruhusu masharti yavunjwe kidogo sana, tuseme 0.000000001, tafuta mwisho wa hatua unaoruhusiwa, kisha kati ya mistari yote iliyo ndani ya mpaka huo chukua yenye pivoti kubwa. Hapa inashinda 2. Mstari wa pili unashuka chini ya sifuri kwa 0.0000000001 tu, ndani kabisa ya ruhusa. Nilipoona hivyo nilifurahi mno, na masharti hayakuvunjika tena.

Kigeu kinachoingia nilikishughulikia baadaye. Kanuni ya Dantzig, ya kuchukua chenye faida kubwa kwa kila kizio, inadanganywa na vizio vyenyewe: badilisha kilo ziwe gramu, na chaguo linabadilika. Klee na Minty walionyesha mwaka 1972 kwamba inaweza kupita kila pembe ya umbo linalochorwa na masharti. Kwa vigeu 20 tu ni hatua 1,048,575. Mimi natumia Devex, ya Harris huyo huyo, inayopima faida kwa urefu wa ukingo unaofuatwa. Kila hatua inagharimu kidogo zaidi, lakini hatua zenyewe zinapungua sana.

Kama unatumia GLPK, programu huria ya kutatua modeli kama hizi, huna haja ya kuandika haya: --relax (dawa ya Harris kwa kigeu kinachotoka) na --steep (kuchagua kinachoingia kwa kupima ukingo) zimewashwa tangu mwanzo. Angalia tu kama kwenye skripti uliyorithi kuna mtu aliyeandika --norelax. Ukiikuta, ifute kwanza.