Nilivyoifuatilia familia ya Prague hadi geto la Łódź

Geto la Łódź, Poland, ni eneo ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na familia niliyoitafuta ilipelekwa humo. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa wa ovyo: andika jina la ukoo na “Łódź” kwenye intaneti, majibu yatakuja. Hayaji. Aprili 1940 Wajerumani waliubadilisha mji huo jina wakauita Litzmannstadt, na ndivyo karatasi za geto zilivyoandikwa. Mitaa nayo ilibadilishwa: Franciszkańska ikawa Franzstrasse, Zgierska ikawa Hohensteiner Strasse. Ukishika anwani ya Kipolandi peke yake utazunguka hadi uchoke.

Kilichonifungulia njia ni namba ya msafara, yaani treni iliyowahamisha Wayahudi kwa nguvu. Kati ya 16 Oktoba na 3 Novemba 1941, treni tano zilitoka Prague kwenda Łódź, zikapewa herufi A hadi E. Kila moja ilibeba watu wapatao 1,000, na kila mtu alikuwa na namba yake. Kanzidata ya Kicheki ya wahanga wa mauaji ya Wayahudi, holocaust.cz, inaonyesha herufi, namba na tarehe, bila malipo. Sasa hapa ndipo penye utamu wa kazi: watu wa nyumba moja mara nyingi waliandikishwa pamoja. Ukishaipata namba ya mama, tafuta majirani zake, namba tatu nne juu na chini. Hivyo ndivyo nilivyompata binti aliyeolewa, ambaye kwa jina la ukoo nisingempata kamwe.

Kama ndugu walitoka Berlin au Vienna, usidanganywe na “Sara” au “Israel”. Tangu Januari 1939 sheria iliwalazimisha Wayahudi kuongeza majina hayo, basi yaondoe kabla ya kutafuta.

Kwa habari za maisha ndani ya geto, nenda kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Łódź. Wengi huishia kwenye orodha za wakazi, wakaziacha barua za Mei 1942, za watu walioomba wasiondolewe getoni kupelekwa kwingine. Zisome zote. Zinataja umri, kazi, maradhi, ndugu waliobaki, hata Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi ya Ujerumani, ya Vita ya Kwanza ya Dunia, maana wenye nayo waliachwa kwa wakati huo. Gharama ni bando la kuzisoma mtandaoni, na hela kidogo ya kumlipa msomaji wa mwandiko wa Kijerumani.

Kuanzia 4 hadi 15 Mei 1942 karibu watu 11,000 walitolewa getoni wakapelekwa kambi ya mauaji ya Chełmno kuuawa. Tarehe ya kuondolewa iandike kama tarehe ya kuondolewa, usiigeuze ya kifo kama karatasi haisemi.