Maziwa yalipoacha kuuma

Mimba yangu ya kwanza ilitoka msimu wa korosho mwaka juzi, kwa hiyo hii ya pili naibeba kwa hofu. Kila alfajiri nilikuwa nabonyeza maziwa. Yakiuma, moyo unatulia. Na yaliuma kweli: hata khanga ikigusa chuchu nashtuka.

Nikiwa wiki ya nane, asubuhi moja ya baridi yetu hii ya Newala, nikabonyeza nisisikie kitu. Yamelegea kabisa. Nililia sana. Mume wangu alishakwenda kupulizia mikorosho salfa, na kwetu mimba changa haitangazwi, ukiogopa unaogopa peke yako. Mwisho nikamwambia wifi.

"Umeona damu?"

"Sijaona."

"Tumbo linakata?"

"Halikati."

"Basi vaa twende hospitali, wifi yangu, usijimalize kwa mawazo."

Nesi alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki. Akasema maziwa yanauma kwa sababu ya homoni za mimba, na maumivu hayo huja na kuondoka. Wengi hupata nafuu miezi mitatu ya mwanzo ikielekea kuisha, na wapo wasioumwa kabisa na wanajifungua salama. Kutulia kwake peke yake hakumaanishi mimba imetoka. Cha kukimbilia hospitali hata usiku wa manane ni damu ukeni, tumbo la chini kukata au kuuma upande mmoja, maumivu ya bega, kuzimia. Hapo huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo inaua. Homa pia usiilalie, maana malaria huku kusini ipo na inaweza kutoa mimba.

Nikapigwa ultrasaundi. Nilionyeshwa kidoa kinachopigapiga mbiombio: moyo.

Ndipo nikapata nguvu ya kuuliza la mwaka juzi. Mama mkwe amekuwa akisema mimba ile ilitolewa na ndoo za maji nilizojitwisha kutoka bombani. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Nesi akasema hapana: karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na hitilafu ya vinasaba tangu zinatunga, na kazi za kawaida za nyumbani hazitoi mimba.

Kliniki ijayo nimemwomba mama mkwe anisindikize. Nataka ayasikie mwenyewe kwa nesi.