Maji ya Bahari kwa Tangi la Matumbawe: Kuteka, Kupima na Kuhifadhi

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani, naye anaishi mahali ambapo bahari haiko mbali, hachelewi kujiuliza kwa nini aendelee kununua chumvi ya kuchanganya ilhali maji yenyewe yapo. Nimekuwa nikitumia maji ya asili katika tangi langu, na msimamo wangu ni kwamba chumvi ya bahari si ya kutiliwa shaka hata kidogo. Cha kutiliwa shaka ni uchafu unaoingia kutoka nchi kavu, pamoja na viumbe vidogo vilivyo hai ndani ya maji hayo. Kwa sababu hiyo naona kuwa uchaguzi wa mahali na wakati wa kuteka una uzito kuliko wingi wa vipimo vitakavyofanywa baadaye.

Imani hiyo kuhusu chumvi ina msingi wa zamani. Meli ya utafiti ya Uingereza, HMS Challenger, ilizunguka bahari za dunia kati ya mwaka 1872 na 1876, na mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha uchambuzi wa sampuli 77 za maji yaliyokusanywa katika safari hiyo. Ilidhihirika kwamba, ingawa kiasi cha chumvi hutofautiana kutoka bahari moja hadi nyingine, uwiano wa madini makuu yaliyomo karibu haubadiliki. Kwa hiyo, maji yanapoonyesha gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, nami nimeyateka mbali na mito, najua tayari kwamba kalsiamu iko karibu miligramu 410 hadi 420 kwa lita na magnesiamu karibu 1,300. Kuyapima madini hayo kila safari ni kupoteza dawa za kupimia.

Mahali panapofaa ni pale penye maji ya bahari ya wazi, mbali na milango ya mito, bandari, mifereji ya maji machafu na mashamba yanayotumia viuatilifu. Maji yatekwe yanapokuwa yanajaa, kuelekea kilele chake, kwa kuwa wakati huo bahari ya mbali inasukumwa kuja pwani. Yanapokupwa, hurudi yakiwa yamebeba kila kitu kilichokuwa ufuoni. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji ya mbali huingia kwa wingi zaidi, lakini mkondo wake huvuruga mchanga na tope, hivyo anayeteka kwenye ufuo wa matope atapata nafuu siku za maji mafu, ambapo maji hujaa na kupwa kidogo. Baada ya mvua kubwa ni afadhali kusubiri siku kadhaa. Bahari ikiwa imegeuka rangi kwa wingi wa mwani mdogo, hali ambayo huweza kuambatana na sumu, sitaki hata kuuliza, narudi na madumu matupu. Katika hifadhi za bahari ni lazima kuuliza kwanza kama kuteka kunaruhusiwa.

Chombo kizamishwe chini ya uso wa maji, kwa sababu mafuta na vumbi hukaa juu. Ninatumia madumu ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, ambayo hayajawahi kubeba sabuni wala mafuta, na ninahakikisha kwamba pampu na viungio vya mpira havina shaba wala shaba nyeupe inayogusana na maji, maana shaba kidogo tu inayovumiliwa na samaki huweza kuua matumbawe, konokono na kamba. (Dumu la lita 20 likijaa huzidi kilo 20, jambo ambalo mgongo hulikumbuka mapema kuliko akili.)

Kipimo cha kwanza, na kwangu ndicho kikuu, ni cha chumvi. Refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, isahihishwe kwa kimiminika chenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, si kwa maji yasiyo na chumvi pekee, kwa sababu kifaa kinaweza kusoma sifuri sawasawa na bado kikakosea huko juu tunakokitumia. Usomaji ukishuka hadi 31 au 32 mahali ambapo kwa kawaida ni 35, tatizo si upungufu wa chumvi, ambao ungerekebishika kirahisi. Kushuka huko ni ushahidi kwamba maji yasiyo na chumvi yameingia, na yaliyoingia kutoka nchi kavu hayakuja peke yake. Baada ya hapo napima naitreti na fosfeti, ambazo katika maji ya juu ya bahari ya wazi ya tropiki huwa chini mno, na kupanda kwake ni dalili nyingine ya mbolea au maji taka. Ualkali wa bahari, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, huwa kati ya digrii 6 na 7 (dKH, si za joto), chini ya ule wa chumvi nyingi za dukani. Aliyezoesha matumbawe yake digrii 8 au 9 aupandishe kabla ya kubadilisha maji, kwa takriban gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu kwa kila lita 100 ili kuongeza digrii moja. Lakini vipimo vya nyumbani havisomi viuatilifu wala mafuta ya injini, na ndiyo maana siwezi kuyapa matokeo mazuri ya vipimo nafasi ya kuhalalisha mahali pabaya.

Kuhusu kuhifadhi, kuna njia mbili zenye mantiki, na hatari iko katikati yake. Ya kwanza ni kuyatumia maji siku ileile, planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, zikiwa bado hai, ziwe chakula cha matumbawe. Monterey Bay Aquarium ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1984, huchuja maji ya ghuba mchana ili wageni waone vizuri, kisha usiku huyaingiza bila kuyachuja. Njia hiyo inafaa kwao kwa sababu maji hayakatiki. Katika tangi dogo inaweza kuleta vimelea. Ya pili, ninayoifuata, ni kuyachuja kwa kichujio cha maikroni 5, kuyafunika yasipate mwanga na kuyaacha majuma kadhaa huku pampu ndogo ikiyazungusha. Gizani planktoni hufa, bakteria huzila, oksijeni hupungua na amonia, sumu itokanayo na uozo, hupanda, kisha hali hutulia. Aliyeyatumia siku chache baada ya kuyateka huyachota wakati uozo umefikia kilele.

Pampu huzimwa siku moja kabla ya kutumia ili mashapo yatue, kisha maji hufyonzwa kutoka juu, na sehemu ya chini ya pipa huachwa. Amonia isomeke sifuri na joto lilingane na la tangi. Pipa likitoa harufu ya yai bovu halihitaji kipimo chochote: maji yake yamwagwe, mbali na bustani.