Nilivyouhamishia mwani wangu maji ya kina

Sisi wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kilimo cha mwani tumekikuta. Walioanza ni mama zetu, mwaka 1989, kwa mambo, yaani vijiti vya kuchomeka mchangani, na kamba kwenye maji ya magotini: bamvua likija unashuka, maji yakijaa unapanda. Kotoni, aina moja ya mwani, ndiyo iliyokuwa na bei. Halafu bahari ikazidi joto. Kaskazi maji yakipwa mchana yanachoma hata miguu, na kotoni haivumilii. Matawi yanageuka meupe, yanakatika, unakuta kamba tupu. Wengi tukabaki na aina nyingine, spinosum. Ni shupavu, lakini bei yake haikupi hamu ya kudamka.

Nilipoambiwa kotoni inaota kwenye kina, kwenye ubaridi, ndani ya nyavu ndefu kama mirija, nilikubali. Kuzijaza si kazi. Unauvisha wavu kwenye kipande cha bomba la plastiki, unatumbukiza mbegu, yaani vipande vya mwani, unavuta. Tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, hazihitajiki, wala mambo ya kukata mikokoni. Mrija unashikwa na nanga na maboya, na wimbi haliung'oi mwani ovyo.

Kazi ilikuwa kufika huko. Kina kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea. Wanawake tumezaliwa pwani, ila kuogelea kulikuwa kwa wavulana. Tukaunda kikundi, kila tukiuza tunaweka chochote, mpaka tukapata ngalawa kuukuu. Nikajifunza kuogelea na dera langu, suruali ndani, watoto wa skuli wakitucheka. Mume wangu alinuna. Sikubishana naye, nilimwomba atufundishe kupiga kasia. Sasa yeye ndiye anayeniuliza, "Mama, kesho mnatoka saa ngapi?"

Nyavu nazo zina adha zake. Zinashika uchafu, usipozisugua mwani unakosa mwanga na unadumaa. Kusi likichafuka hatutoki kabisa, kwa hiyo spinosum yangu ya maji madogo sijaiacha.

Kilichonilipa haraka zaidi, kusema kweli, ni chanja ya kuanikia. Zamani tulianika mchangani, mnunuzi anakung'uta gunia, anakata kilo, na huna la kumjibu. Chanja ni miti na wavu wa zamani, upepo unapita juu na chini, mvua ikija unafunika turubai. Mwani unatoka safi. Anayetaka kubadilisha shamba lake ningemwambia aanzie hapo, nyavu na ngalawa azinunue kwa pesa ya chanja.